KICHEKO CHA MAITI

Sehemu ya kumi na moja

Kandambili iliruka. Wiki nzima imekaa hewani mkononi mwa Kokila, msomaji, na najua wengi wenu mlishamwonea huruma Alamelu. Yeye mwenyewe alifumba macho. Alisimama pale kwenye korido ya hospitali, mbele ya mlango wa wodi aliyolazwa Rangamani, mama yake Kokila, akasema kimoyomoyo: piga, mdogo wangu, nimestahili.

Kandambili ikampita sikioni. Paa! Ikatua nyuma yake.

Alamelu akafumbua macho, akageuka. Kumbe nyuma yake alikuwa Sabapathi, msaidizi wake wa miaka yote, kashika dafu mkononi na vumbi la kandambili limemganda shavuni.

“Mwanaharamu wewe!” Kokila alifoka. “Umemmaliza mama yangu, halafu unamletea dafu?”

“Dada Kokila, mimi nilikuja tu kumjulia…”

“Nyamaza! Kazi yako kwenye filamu ilikuwa moja. Kukumbusha kicheko. Mtaa wote wa filamu wa Kodambakkam unajua, hata muuza chai wa getini anajua, anayeigiza maiti hainuki mpaka aichekee kamera! Mama kalala na sarafu kwenye paji la uso, kafungwa vidole gumba vya miguu kama marehemu wa kweli, halafu mkamwinua hivyo hivyo! Mkosi utaacha kuingia? Angalia sasa. Mdomo umekwenda upande, neno hatoi. Toka mbele yangu!”

Sabapathi aliliweka dafu chini ya ukuta, akaiokota ile kandambili, akaifuta kwa kiganja na kuirudisha karibu na mguu wa mwenyewe. Kisha akashika njia ya ngazi.

Kokila akamwangukia Alamelu kifuani, akalia kwa sauti.

“Nisamehe, dada. Nimefanya fujo mbele yako. Lakini bila wewe sijui siku hizi ningezipitaje. Wewe ni mtoto wake kuliko hata mimi.”

Alamelu alimshika mgongo, akamwambia basi, basi, usilie. Alitamani ile kandambili ingempata yeye, tena usoni, tena mara mbili.

Kwa wewe ambaye ndiyo kwanza unaufungua ukurasa huu, nitakueleza upesi, maana mambo ya leo hayana subira.

Alamelu aliletwa Madras akiwa na miaka saba, kuja kuigiza watoto wanaolia. Baba yake alimkabidhi kwa Rangamani, mwigizaji wa akina mama wenye huruma na mama wakwe wenye roho mbaya, akarudi kijijini na hakuonekana tena. Enzi hizo mtoto alisimamishwa chini ya taa za moto mpaka apepesuke, na waongozaji wakaona ndiyo sanaa yenyewe. Rangamani akamwambia, “Ukichoka, ukiumwa, ukiogopa, usilie. Inua vidole viwili, hivi. Mimi nitaviona.”

Na aliviona kila mara. Siku moja alisimamisha kazi yenye tembo na kundi zima la wacheza ngoma. Alikwenda akaketi katikati ya uwanja, akasema hatainuka mpaka mtoto apewe wali wa mtindi na alale. Mwongozaji alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Rangamani alijipepea tu.

Mtoto akakua, umaarufu ukaisha, akashika kazi ya kubebea wanaume miswada yao. Aliposema anataka kuongoza, walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwanamke ashike filamu, na sufuria ashike nani? Alishika hivyo hivyo. Filamu ya kwanza ikapendwa. Ya pili ikaanguka vibaya, watu wakatoka ukumbini kabla ya mapumziko. Ya tatu ndiyo hii, na kila mtu mjini alijua kwamba ikianguka nayo, hakuna mwanamke atakayepewa tena kamera mtaa ule kwa miaka mingi.

Basi Jumanne ile jua lilikuwa linazama. Rangamani kalala juu ya machela ya mianzi, mama wa kwenye filamu amekufa, maua yamemfunika mpaka kifuani. Kamera ilikuwa juu ya uso. Mkono wake wa kulia ulilala pembeni, mahali ambapo kamera haifiki ila macho ya Alamelu aliyesimama pale yanafika.

Katikati ya maua ya manjano vikainuka vidole viwili.

Aliviona. Tafadhali usije ukamtetea, msomaji, aliviona vizuri kabisa. Lakini mwanga ulikuwa wa dhahabu, na ule uso ulikuwa umekufa namna ambayo hajawahi kuona mwigizaji akifa. Akajiambia, kidogo tu. Kidogo tu kisha nitakata. Akaiacha kamera imalize utepe wote wa filamu uliobaki.

Sabapathi ndiye aliyemwambia Alamelu, “Mama, kicheko.”

“Hakuna kicheko!” Alamelu akamjibu. “Utepe umekwisha, mwanga umekwisha. Mwinueni.”

Walipomwinua, kichwa kikaanguka upande. Na mtayarishaji alipouliza ni nani aliyesahau kicheko, Sabapathi alimtazama Alamelu, akangoja, akangoja tena, kisha akasema, “Nilisahau mimi, mzee.” Alamelu alikuwa anaangalia viatu vyake.

Sasa turudi hospitalini.

“Kaka Sabapathi! Ngoja!”

Alamelu alimkuta kwenye ngazi, ghorofa moja chini, akipunga upepo dirishani.

“Rudi kwa mgonjwa, mama,” Sabapathi akasema. “Shavu langu halina kitu. Mke wangu ananichapa zaidi ya hapo nikichelewa na mboga.”

“Usinichekeshe.”

“Basi nani atakuchekesha? Wewe tangu Jumanne hujala. Umekonda mpaka sari inakuvaa yenyewe.”

Alamelu akaketi kwenye ngazi, kichwa mikononi. “Kaka, kuna jambo…”

“Najua.”

Alamelu akainua kichwa. “Unajua nini?”

“Kwamba ni wewe uliyesema hakuna kicheko. Sasa? Ulikuwa na haraka ya mwanga. Mwongozaji ndivyo alivyo. Ningekuwa mimi ningesema vile vile.” Alishusha sauti. “Lakini Kokila asijue. Yule mtoto ana wewe tu sasa hivi. Na huyu mtayarishaji wetu, mzee wa majivu usoni, akijua ni wewe, atakuondoa kwenye filamu. Mimi nimeshaondolewa, basi. Wakimfukuza mmoja inatosha.”

“Na filamu yako mwenyewe ya kuongoza? Aliyokuahidi mzee baada ya hii?”

Sabapathi alicheka kidogo, akaangalia nje. “Atampa nani filamu mtu mwenye mkosi? Juzi nilipita studio ya jirani kuomba hata kazi ya kupanga viti. Walifunga geti kabla sijafika. Mtu mmoja akatema mate chini mara tatu.”

“Kaka, si kicheko!” Alamelu alisema kwa nguvu. “Hata angeambiwa acheke, asinge…”

Hakumaliza. Chini uani honi ya gari ilipiga mfululizo, na sauti ambayo Kodambakkam yote inaijua ikapanda ngazi kabla ya mwenyewe.

“Pisha! Pisha! Kamera hiyo, si gunia la vitunguu! Dorairaj, shika miguu yake mitatu!”

Alikuwa mzee Nachiappan, mtayarishaji. Shuka nyeupe begani, majivu matakatifu yamepakwa paji zima la uso, na nyuma yake Dorairaj mpiga picha akihema na kamera begani.

“Aa! Wewe upo,” alimwambia Alamelu. “Vizuri. Tunachukua kicheko leo, hapa hapa, kitandani.”

“Mzee, hawezi hata kuketi!”

“Nani kasema aketi? Acheke amelala. Ndivyo inavyotakiwa.” Akamwona Sabapathi, akarudi ngazi moja nyuma. “Na huyu asikaribie. Ingawa wazo ni lake, alikuja kunilalia getini tangu asubuhi. Kicheko kikichukuliwa, mkosi unatoka, mgonjwa anapona, na mimi naweza kuuza filamu yangu. Maana sasa hivi wenye kumbi wamegoma, wanasema filamu ya maiti asiyecheka itachoma majumba yao.”

“Muuguzi mkuu hatakubali.”

“Kashakubali. Nimemwambia ataketi kiti cha mbele siku ya kwanza ya filamu, karibu na mwigizaji mkuu. Sasa hivi anatafuta poda.”

Kisha akamvuta Alamelu pembeni, akamnong'oneza, na macho yake makavu ya biashara yalikuwa na machozi.

“Binti, nimeiona ile picha ya machela. Miaka yote nimetengeneza filamu, sijawahi kuona mtu akifa vile. Nimelia mimi, na mimi sikulia hata mama yangu alipokufa. Umefanyaje?”

Sifa aliyoingoja maisha yake yote ilikuwa imefika, na hakuweza kuimeza.

“Sikufanya kitu,” alisema. Na hilo, msomaji, lilikuwa neno la kweli kuliko yote aliyosema wiki ile.

Wodini dirisha lilikuwa wazi. Kokila alikuwa amemchana mama yake na kumchomeka shada la asumini nyweleni. Upande mmoja wa uso ulikuwa Rangamani yule yule. Upande wa pili ulikuwa umeshuka, na mate yalikuwa yanatiririka pembeni mwa mdomo, Kokila akiyafuta kwa ncha ya sari.

“Mama, wamekuja,” Kokila akasema. “Dada Alamelu amekuja kukuchukua kicheko. Utapona sasa.”

Dorairaj alifunga kamera juu ya ile miguu mitatu. Sabapathi alisimama nje ya mlango, hakuruhusiwa kuvuka kizingiti. Jicho zima la Rangamani lilimtafuta Alamelu mle chumbani, likampata, likatulia hapo.

“Haya, mwongozaji,” Nachiappan akasema. “Fanya kazi yako.”

Alamelu akapiga magoti kando ya kitanda. “Mama Mkubwa,” alisema. “Mama Mkubwa, cheka kidogo. Kidogo tu.”

Akasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake. Kidogo tu. Ndiyo yale yale aliyojiambia Jumanne.

“Kamera,” Nachiappan akaamuru mwenyewe. Mota ikaanza kunguruma.

Rangamani hakucheka.

“Mama, cheka,” Kokila akabembeleza. “Kumbuka yule jirani aliyeibiwa meno ya bandia.”

Nachiappan naye akaingia. Akajifunga shuka kichwani kama mama mkwe, akakata kiuno, majivu yakamdondokea puani. Muuguzi mkuu mlangoni alicheka mpaka poda ikapasuka. Mgonjwa alimtazama Alamelu tu.

Kisha juu ya shuka, polepole, kwa mkono ule wa kulia, vikainuka vidole viwili.

“Kata!”

Alamelu alipiga kelele hivyo mpaka muuguzi akaruka. Dorairaj akazima. Alamelu alikuwa ameshaudaka ule mkono, ameukumbatia kifuani kwa mikono yote miwili.

“Umekatia nini?” Nachiappan akauliza. “Hata meno hajaonyesha!”

“Amechoka,” Kokila akasema. Halafu uso wake ukabadilika. “Ngoja. Hiyo si ishara yenu? Ya utotoni? Nilikuwa naionea wivu. Nikiinua mimi mama anasema acha kuiga, hiyo ya Alamelu.” Alitazama mkono, akamtazama Alamelu. “Mbona leo yeye ndiye anakuinulia wewe?”

“Basi, mgonjwa kachoka, tutarudi kesho,” Nachiappan akasema, akianza kujifunga shuka yake vizuri. “Hakuna neno. Watu wazima hujisahau, wanashika ishara za zamani.”

Mlango wa kutokea huo ukawa umefunguliwa, tena na mtu mwingine. Alamelu angeitikia kwa kichwa tu na yakaisha. Sabapathi angekufa na mkosi wake, filamu ingetoka sikukuu ya mavuno ya Pongal, Kokila angeendelea kumwita dada.

Aliubana ule mkono kifuani.

“Aliinua hivi hivi Jumanne,” alisema. “Akiwa kwenye machela.”

Shuka ikamtoka Nachiappan mikononi.

“Dada,” Kokila akasema taratibu, “sema hukuviona.”

“Niliviona.”

“Sema maua yalivifunika.”

“Hayakuvifunika.”

“Basi sema mwanga ulikuwa mbaya!” Kokila alilia. “Sema kitu, dada, nakuomba!”

“Mwanga ulikuwa mzuri, Kokila. Ndiyo maana sikukata.”

Kokila aliinama polepole kama anayetafuta kandambili yake, kisha akaiacha, akaketi kwenye sakafu.

Kutoka mlangoni sauti ya Sabapathi ikasikika, na haikuwa na hasira, jambo lililomuumiza Alamelu zaidi.

“Kwa hiyo niliposema kicheko, hakuweza kucheka tena.”

“Hakuweza, kaka.”

“Na ukaniacha nibebe.”

“Nikakuacha.”

“Mimi nilidhani nakusitiria haraka yako.” Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, akivuka kizingiti bila kuruhusiwa. “Kumbe.”

Nachiappan ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata akili zake. “Sawa. Hayo ni ya nyumbani, mtayamaliza nyumbani. Sabapathi, mkosi si wako, nimesikia, nitaangalia. Lakini ile picha inabaki.”

“Ichomwe!” Kokila akapiga sakafu kwa kiganja. “Mama yangu anakata roho pale, na watu wanunue karanga wamwangalie?”

“Ichomwe,” Alamelu akasema.

“Una wazimu? Bila ile picha huna filamu! Huna kazi! Nani atakupa nyingine? Miaka yote hiyo umebeba miswada ya watu, leo umefika, unachoma?”

“Nimesema ichomwe, mzee.”

“Negativi ya filamu iko kwangu!”

“Nnn…”

Wote wakageuka. Ilikuwa sauti ndogo ya kukwaruza, haijasikika tangu Jumanne. Ilitoka kitandani.

Kokila akaruka. “Mama! Mama, sema!”

Rangamani alihangaika na mdomo wake uliokataa amri. Mshipa wa shingo ulimsimama. Neno likatoka vipande vipande.

“Tu… ru… die.”

“Anasema nini?”

“Turudie,” Dorairaj akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuongea mchana ule.

“Ni… fe… vizuri,” Rangamani akasema. “Ndiyo… ni… cheke.” Lile jicho zima halikubanduka kwa Alamelu. Halikuwa jicho la kusamehe, na halikuwa la kulaani. Lilikuwa lile la zamani, alilokuwa akimtazama nalo mtoto wa miaka saba kabla taa hazijawashwa. “Safari hii… anga… lia… vidole.”

Akauchomoa mkono wake kutoka kwa Alamelu, akaulaza pembeni. Akafumba macho. Na mbele yao, juu ya kitanda cha hospitali, asumini kichwani, Rangamani akaanza kufa.

“Mama, daktari kakataza!” Kokila akamshika Alamelu bega, akamtikisa. “Mwambie aache! Ukisema ‘anza’, nakuapia, sitakujua tena duniani!”

“Mwanga unaondoka,” Nachiappan akanong'ona. Hakuweza kujizuia, masikini, ni ugonjwa wake.

Alamelu hakusema anza. Hakuna aliyesema. Lakini mota ya kamera ikaanza kunguruma, na Sabapathi, kwa mazoea ya miaka, akasogeza pazia la dirisha ili kivuli kisimwangukie mgonjwa usoni.

Alamelu akainamisha uso mpaka ukakaribia shuka. Hakuuona ule uso, hakuuona mwanga. Aliangalia vidole tu, na neno moja, kata, lilikuwa limeshamjaa kinywani, tayari.

Pumzi ya Rangamani ikapungua. Kisha haikusikika.

Kidole kimoja kikainuka.

Alamelu akangoja cha pili.